Maswali yenu: tozo za Nairobi, stendi ya halmashauri na umeme unaolipiwa hata usipowaka

Toleo lililopita niligusia kidogo tu miradi ya ubia, yaani ile serikali inaingia mkataba na kampuni binafsi kujenga barabara, bandari, mtambo wa umeme au stendi, wengi wenu mnaiita PPP. Basi meseji zimemiminika, nyingine za hasira kabisa, kuna mmoja kaandika herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha, na majina nimeyatoa kwa sababu baadhi yenu mko ofisini humohumo mnamoulizia.

*Habari kaka. Naendesha teksi ya app hapa Nairobi, wateja wengi wakiwa wanawahi ndege wananiambia pitia juu, Expressway. Ilipofunguliwa 2022 Mlolongo hadi Westlands ilikuwa shilingi 360, Januari 2024 ikapanda hadi 500. Barabara ni ileile, hakuna kitu kimeongezwa. Kwani hawa watu wanaweza tu kuamua siku moja kupandisha?* (Dereva, Mlolongo)

Hawakuamua tu siku moja ndugu yangu, iliandikwa kwenye mkataba kabla hata nguzo ya kwanza haijasimama, wewe ndo umekuja kuiona mwisho pale kwenye geti la kulipia.

Iko hivi. Barabara ile ya kilomita 27 imejengwa na kampuni ya Kichina, CRBC, kwa hela inayotajwa kuwa kama dola milioni 668, na kampuni yake ya Moja Expressway inakusanya tozo kwa miaka 27 ndo iikabidhi kwa serikali. Sasa deni liko kwenye dola, wewe dereva unalipa shilingi. Wakati wanasaini mwaka 2020 dola moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 108 hivi, kufika mwisho wa 2023 ilikuwa imeshapita 150. Kwa hiyo waziri wa uchukuzi akatangaza viwango vipya kwenye gazeti la serikali na sababu iliyotolewa ilikuwa hiyohiyo, shilingi imeshuka. Yaani hatari ya shilingi kuanguka walikaa mezani wakagawana, ikaangukia kwako, na wewe mezani hukuwepo.

Je ni dhuluma? Mimi sisemi hivyo moja kwa moja. Ukimwambia mwekezaji abebe yeye hiyo hatari, hatabeba bure, ataiweka kwenye bei tangu siku ya kwanza na pengine ungeanza na 500 badala ya 360. Kinachoniudhi mimi ni kwamba mtumiaji hakuambiwa mapema. Watu waliambiwa "serikali haitoi hata shilingi", wakapiga makofi, hakuna aliyesimama kusema tozo itatembea na dola.

Na kuna swali ambalo ningependa mumuulize mbunge wenu. Mwaka 2024 shilingi ya Kenya ilirudisha nguvu hadi karibu 130 kwa dola, je hiyo kanuni ya kupandisha inafanya kazi na kwenye kushusha? Kanuni nzuri inaenda juu na chini. Ikiwa inajua njia moja tu, basi aliyekaa upande wa serikali siku ya mazungumzo alikuwa amechoka au hakuwa na mtu wa hesabu pembeni yake.

Dawa nyingine ni kukopa hela ya nyumbani, ya mifuko ya pensheni, ili deni na mapato viwe sarafu moja. Kenya wanajaribu hilo kwenye barabara ya Rironi hadi Mau Summit, NSSF yao imeingia pamoja na haohao CRBC, baada ya mkataba wa kwanza uliosainiwa 2020 na kundi lililoongozwa na Vinci ya Ufaransa kuvunjwa. Ila hapo mjue hatari haijayeyuka, imehamia kwenye mafao ya wastaafu. Magari yasipopita kama walivyokadiria, mzee wako ndo atakayeulizia pensheni.

*Hivi ubia si ndo ubinafsishaji uleule wa enzi za Mkapa umebadilishwa jina?* (Msomaji, Tanga)

Hapana. Kwenye ubinafsishaji kiwanda kiliuzwa, kikaondoka mikononi. Ubia ni kama wewe una kiwanja barabarani huna hela, anakuja mtu anajenga fremu tano, mnakubaliana atumie au apangishe miaka kadhaa mpaka hela yake irudi na faida, alafu fremu zinabaki kwako. Kiwanja hakijawahi kuacha kuwa chako. Ile bandari ya Dar iliyowagombanisha watu 2023, DP World, kampuni ya Dubai, wamepewa kuendesha gati namba 4 hadi 7 kwa miaka 30, mkataba ulisainiwa Dodoma Oktoba mwaka huohuo, gati hazijauzwa. Sasa kama masharti ni mazuri au mabaya hilo ni swali jingine, na ndo swali lenyewe la maana, lakini tusichanganye mambo.

*Shikamoo mwandishi. Mimi ni diwani, halmashauri siitaji. Amekuja mwekezaji anasema atatujengea stendi ya kisasa ya mabasi yenye maduka, hoteli na maegesho, sisi tutoe eneo tu, yeye aiendeshe miaka 40 halafu aturudishie. Anataka hati itolewe kwa jina la kampuni yake ili apate mkopo benki. Wenzangu kwenye baraza wamefurahi sana, wanasema ni bure. Mimi roho inasita. Unanishauri nini?* (Diwani, Kanda ya Ziwa)

Marahaba Mheshimiwa. Roho yako inafanya kazi yake, iache iendelee kusita.

Kwanza hilo neno bure litoeni kwenye kikao. Duniani hela ya mradi inarudi kwa njia mbili tu, analipa mtumiaji au analipa mlipa kodi, hakuna wa tatu. Mwekezaji anatanguliza tu, na hela yake ya kutanguliza ni ghali kuliko ile ambayo serikali ingekopa yenyewe. Kwa hiyo unachonunua kwake ni vitu vingine: anajenga kwa wakati, akizidisha gharama ni juu yake, anaendesha vizuri na vyoo vinafanya kazi. Kama havipo hivyo basi mmekopa kwa bei mbaya na mmeongezea eneo juu.

Hati kwa jina la kampuni, hapana. Hilo hata msilijadili mara mbili. Benki inayojua miradi ya aina hii inakopesha ikiangalia mapato ya mradi na haki za mkataba, ile haki ya kuendesha kwa miaka kadhaa, hivyo ndo vinawekwa rehani, ardhi inabaki jina la halmashauri. Akikwambia benki yake inataka hati tu, maana yake benki imeangalia mapato ya hiyo stendi haijayaamini, sasa nyie mnayaamini kwa sababu gani? Na akishindwa kulipa mwaka wa tatu, benki itakuja kupiga mnada eneo la wananchi mkiwa mnaangalia.

Pili, upembuzi yakinifu nani kafanya? Najua jibu, kaja nao mwekezaji kwenye faili la plastiki lenye picha za kompyuta, mabasi yanang'aa, miti ya kijani hata kama kwenu ni kiangazi miezi saba. Nyie fanyeni wenu. Na hapa sisemi muajiri kampuni ya Ulaya, anzeni na kitu kidogo, wekeni vijana wawili na daftari pale wanapopakia abiria sasa, wahesabu mabasi kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku, wiki nzima pamoja na siku ya mnada. Andikeni basi linatoka wapi, linakwenda wapi, linakaa dakika ngapi. Nimeshaona karatasi za mradi zinasema mabasi mia na kitu kwa siku wakati sehemu yenyewe yanapita hata nusu haifiki, na nusu ya hiyo nusu hayaingii ndani.

Na hilo la kuingia ndani ndo moyo wa jambo lako Mheshimiwa, nisikilize vizuri. Stendi nyingi zinakufa kwa sababu mabasi yanapakia barabarani. Konda anajua abiria wako pale kwenye kona ya kituo cha mafuta, kwa nini alipe ushuru wa kuingia? Daladala, noah na bodaboda wanabaki mjini kwa sababu stendi imepelekwa kilomita saba nje ambako eneo lilipatikana. Mama lishe anapanga kizimba siku za mwanzo, wateja hamna, anafunga. Mwekezaji anaanza kulia mapato. Sasa angalia rasimu ya mkataba, mahali fulani kutakuwa na kifungu kwamba halmashauri itahakikisha mabasi yote yanatumia stendi hiyo tu, na isipohakikisha italipa fidia. Mkisaini hapo, hatari yote ya biashara mmeibeba nyie na faida kabaki nayo yeye. Lakini pia kuwa mkweli, sheria ndogo ya kukataza kupakia barabarani anayo halmashauri, polisi wa usalama barabarani hawako chini ya mwekezaji, huwezi kumwambia abebe yeye kitu asichoweza kukishika. Kwa hiyo gawaneni: nyie mbebe lile la kutunga na kusimamia sheria, yeye abebe lile la idadi ya abiria, na maduka yasipopangishwa ni shauri lake.

Tatu, mtu akija mwenyewe na wazo hajaitwa, sheria ya ubia ya Tanzania, Sura ya 103, inayo njia yake, na kuna Kituo cha Ubia ambacho kazi yake ni kuwasaidia nyie wenye mamlaka msiokuwa na wataalamu. Waandikieni kabla ya kusaini chochote, hata ile karatasi wanayoita makubaliano ya awali, maana huwa ina kifungu cha kuwafunga msizungumze na mwingine. Wazo lake likionekana zuri lishindanishwe. Akikasirika kusikia neno ushindani, hapo mmeshapata jibu bila kulipa mshauri.

Miaka 40 nayo ni mingi kwa stendi. Muulize kwa hesabu zake mwenyewe hela inarudi mwaka wa ngapi. Akisema wa 14, basi muulize hiyo mingine 26 ni ya nini.

*Mimi mstaafu, nilifanya kazi kwenye umeme. Naomba ueleze vijana hawa wanielewe, inakuwaje nchi inailipa kampuni kwa umeme ambao haujatumika? Mimi nikieleza wanasema nazeeka.* (Mzee wa Ubungo)

Shikamoo mzee wangu. Vijana someni hapa.

Mtu akijenga mtambo wa umeme ana mnunuzi mmoja, shirika la umeme la nchi. Hawezi kupeleka sokoni kama nyanya. Kwa hiyo benki inasema hatukopeshi mpaka mnunuzi aahidi kulipa kiasi fulani kila mwezi mtambo ukiwa tu tayari kuzalisha, uwashwe usiwashwe. Hiyo ndo malipo ya uwezo wa mtambo. Wazo lenyewe sio la kihuni, linatumika dunia nzima. Uhuni unaanza kwenye ukubwa wa malipo na haraka ya kusaini.

Kwetu mfano tunaujua wote. Miaka ya mwanzo ya 90 mabwawa yalikauka, mgao ukatesa watu, mwaka 1995 ukasainiwa mkataba wa miaka 20 na IPTL, mtambo wa megawati 100 pale Tegeta unaotumia mafuta. Ugomvi wa gharama ukaenda mpaka mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, ICSID, kwa hiyo mkataba uliosainiwa kama wa dharura, umeme wake umekuja kuingia kwenye gridi 2002. Miaka saba! Mafuta ya kuendeshea yalikuwa juu ya TANESCO, shirika letu la umeme, vilevile, malipo ya uwezo juu ya TANESCO. Ugomvi wa hayo malipo ndo uliozaa akaunti ya Tegeta Escrow, ambako hela ziliwekwa zikisubiri ugomvi uishe, na yale ya bungeni 2014 ambayo mzee unayakumbuka kuliko mimi.

Ila mfano ninaoupenda zaidi kwa kufundishia uko Kenya, kwa sababu pale hata mradi wenyewe ulikuwa mzuri. Lake Turkana Wind Power, Loiyangalani huko Marsabit, mitambo ya upepo 365, megawati 310, upepo wa huko haulali. Kampuni binafsi ikajenga mashamba ya upepo, ikamaliza mwanzoni mwa 2017. Sasa umeme unatokaje kule jangwani kuja Suswa kuingia gridi? Inatakiwa laini ya zaidi ya kilomita 400, na laini hiyo ilikuwa jukumu la serikali kupitia KETRACO, kampuni yake ya laini za umeme. Mkandarasi wa laini, Isolux ya Hispania, akafilisika nguzo hazijaisha. Pakatafutwa wengine, na kuna maeneo ya watu laini inapita ambayo fidia ilikuwa bado inavutana. Laini imekuja kuwashwa Septemba 2018.

Zaidi ya mwaka mzima mapanga ya mitambo yamesimama yako tayari. Na mkataba ulisema umeme ambao ungezalishwa lakini umekwama kwa kosa la upande wa serikali unahesabika umezalishwa, ulipwe. Ukalipwa, mabilioni ya shilingi, na sehemu ya mzigo ikaishia kwenye bili za watu. Benki ya Dunia yenyewe ilikuwa imeshajitoa kwenye mradi huo mwaka 2012, ikihofia hilohilo la kulazimika kulipia umeme usiohitajika au usiofika.

Kosa lilikuwa nini? Wengi husema mwekezaji alikuwa mjanja. Mimi naona serikali ilichukua kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote kwenye mradi mzima, kupata njia ya ardhi kilomita mia nne na kitu, ikaiwekea tarehe ya mwisho na faini, kabla haijaipata hiyo njia. Ardhi kwanza, saini baadaye.

*Nimehamishiwa kitengo kinachosimamia mkataba wa ubia kwenye taasisi yetu. Aliyekuwepo kastaafu, kaniachia kabati. Mkataba una kurasa zaidi ya 300 kwa Kiingereza cha wanasheria, mwekezaji ana timu nzima ya mawakili, mimi niko na msaidizi mmoja na printa mbovu. Nianzie wapi?* (Ofisa, Dodoma)

Dada yangu, au kaka, hujasema. Barua yako ndo iliyonifanya niandike safu hii yote, kwa sababu magazeti yanajaza picha za siku ya kusaini, mawaziri wamesimama nyuma, kalamu za dhahabu, alafu miaka 25 inayofuata anaachiwa mtu mmoja na printa mbovu.

Usianze ukurasa wa kwanza. Anza nyuma, kwenye viambatisho, huko ndo kuna namba: viwango vya huduma, kanuni ya tozo, ratiba ya matengenezo, na lile jedwali la hesabu za mapato na matumizi ya mradi. Mwili wa mkataba unakwambia "kwa mujibu wa kiambatisho namba fulani" na mara nyingi hicho kiambatisho hakijaambatishwa kwenye nakala yako, kipo kwa wakili wa Dar. Kitafute wiki hii.

Ukimaliza hapo chukua karatasi moja kubwa, ubandike ukutani, uandike kila sehemu yenye siku. Siku 14 kujibu, siku 30 kuidhinisha, siku 60 kutoa notisi. Hili nalisisitiza kwa sababu mikataba mingi ina kifungu kwamba mwekezaji akileta ombi na serikali ikakaa kimya mpaka muda ukapita, ombi limekubaliwa. Unasafiri, barua inakaa masjala, inagongwa mhuri wa kupokelewa, inasubiri bosi aandike "tushauriane", siku 21 zimeisha, umeshaidhinisha michoro mipya bila kuijua. Mwekezaji mwenye mawakili anajua kalenda yako kuliko wewe.

Tatu, kila kitu kwa maandishi. Simu ni nzuri kwa salamu. Kikao kikiisha tuma muhtasari siku hiyohiyo. Huduma ikiwa mbovu andika barua ya notisi kwa kutaja kifungu, hata kama mnajuana na mnakula pamoja, usisubiri mpaka mambo yaharibike ndo uanze kukusanya ushahidi.

Nikupe kisa cha City Water hapa Dar. Agosti 2003 kampuni hiyo, ya Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani na mbia wa hapa nchini, ilianza kuendesha maji ya jiji kwa mkataba wa miaka 10, miundombinu ikibaki ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Kwenye zabuni ya mwisho walijitokeza peke yao, na bei waliyoomba iliwabana wenyewe. Waliingia bila picha halisi ya wateja, nani anaunganishwa, nani analipa, mita ipi inasoma, na makusanyo yakawa chini hata ya kabla hawajaja. Miezi haikufika 24, Mei 2005 serikali ikatangaza kuvunja mkataba, na tarehe 1 Juni viongozi wao wakasindikizwa uwanja wa ndege. Watu walishangilia, mimi nilishangilia pia.

Kesi ikaenda ICSID, hukumu ikatoka 2008. Ilisema Tanzania ilivunja mkataba wa kulinda wawekezaji kwa namna ilivyowatoa, lakini fidia ni sifuri, kwa sababu wakati wanatolewa kampuni ilikuwa tayari haina thamani, imeshashindwa kwa mambo yake. Umeona hapo? Kilichotuokoa ni kwamba kushindwa kwao kulionekana kwenye namba na kwenye makaratasi. Kilichokaribia kutugharimu ni ile haraka ya mwisho, mkutano na waandishi wa habari na kusindikizana. Kungekuwa hakuna kumbukumbu za utendaji, leo tungekuwa tunalipa.

La mwisho kwako: mkataba mkubwa huwa na mhandisi huru anayelipwa na pande zote kukagua kazi. Mpigie, mfahamu, soma ripoti zake mwenyewe usisubiri kufupishiwa. Na omba printa.

*Kwa nini barabara ya mwendokasi Mbagala ilikaa imekamilika mabasi hamna? Serikali ilisahau?* (Abiria, Rangi Tatu)

Haikusahau, ila iligawanya mradi vipande viwili ambavyo haviongei. Barabara na vituo vinajengwa kwa hela ya umma, mikopo ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, mabasi yanatakiwa yaletwe na mwendeshaji binafsi. Mkandarasi wa barabara ana tarehe yake, mwendeshaji ana mazungumzo yake ya nauli na idadi ya abiria, kila mmoja anakwenda kwa kasi yake, matokeo ndo uliyoyaona, zege linang'aa, abiria amening'inia kwenye daladala pembeni.

Awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni, ilianza 2016 na UDART ikiwa mwendeshaji wa mpito, na mpito ukageuka kuwa miaka. Na karakana ikawekwa Jangwani! Mtu yeyote wa Magomeni angekwambia Jangwani maji yanajaa, hata bila upembuzi. Mvua zikija mabasi yamesimama ndani ya maji, injini zimeharibika, na kuanzia hapo ni kuvutana nani alipe, aliyechagua eneo ambaye ni serikali, au mwenye mabasi ambaye angeyahamisha mapema. Mkataba wenye akili unamaliza ugomvi huo kabla ya masika.

*Nina kampuni ndogo ya ujenzi daraja la sita. Kwenye hii miradi mikubwa kuna kitu chetu au ni ya Wachina tu?* (Kijana, Mbeya)

Kama mwekezaji mkuu, sahau kwa sasa, mtaji hutaweza. Chini yake kuna mifereji, uzio, kusafisha, matengenezo ya kila mwaka, na hayo yanadumu miaka mingi kuliko ujenzi wenyewe. Ila kaa macho na kulipwa: mkandarasi mdogo ndo wa mwisho kwenye foleni ya hela, usikubali mkataba unaosema utalipwa baada ya mkuu kulipwa bila kuweka idadi ya siku.

*Mkataba ukifika mwisho, mwekezaji si anaturudishia gofu tu?* (Mwalimu, Morogoro)

Inawezekana kabisa mwalimu, na hesabu zinamshawishi afanye hivyo. Miaka mitano ya mwisho kila shilingi anayoweka kwenye matengenezo anamwekea mwingine. Wengine hata mwisho wenyewe hawaufikii: reli ya Kenya na Uganda ilikodishwa kwa Rift Valley Railways mwaka 2006 kwa miaka 25, mikataba ikavunjwa kuanzia 2017, reli ikarudi serikalini ikiwa hoi.

Kwa hiyo kinachotakiwa kinaandikwa mwanzo. Ukaguzi wa pamoja uanze miaka mitatu au minne kabla ya kukabidhi, iandikwe lami iwe na unene gani, mitambo iwe imebakiza miaka mingapi ya kufanya kazi, vipuri vingapi viwe stoo, wafanyakazi wetu wawe wameshafundishwa kuendesha wenyewe. Na sehemu ya mapato ya miaka hiyo ya mwisho ishikiliwe kwenye akaunti maalumu, au aweke dhamana ya benki, asipotengeneza tunakata humo tunatengeneza wenyewe. Ukiona mkataba unasema tu mali itarudishwa "katika hali nzuri" na ukaishia hapo, mrudishie aliyeuandika.